Njia za baiskeli Makunduchi: Tuziandike kabla hazijamezwa

MAJI yanapokupwa katika pwani ya kusini mashariki ya Unguja, hufunguka njia ambayo haimo katika ramani ya wizara yoyote. Mchanga ulioshindiliwa na mawimbi huwa mgumu kiasi cha kubeba baiskeli. Kati ya Jambiani na Makunduchi huonekana watu wakiupita kwa shughuli zao: mvuvi aliyefunga tenga la samaki nyuma ya kiti, mwanafunzi anayerudi nyumbani, kina mama wanaotoka kwenye mashamba ya mwani, na siku hizi mtalii mmoja mmoja aliyekodi baiskeli ili aione pwani bila ya kelele za injini.

Njia hiyo haina lami, haina alama na wala haina mlinzi. Hufungwa na kufunguliwa na mwezi. Nayo ina ndugu zake upande wa pili wa vijiji, katika ardhi ya maweni, ambako vijia vya miguu vimekwenda tangu zama za mababu kutoka Kajengwa, Nganani na Kijini hadi kwenye mihogo, mbaazi na tanuri za chokaa. Humo pia hupita baiskeli, na humo pia hakuna gari.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba kitu hiki, ambacho watu wa Makunduchi wanacho bila ya kukigharimia hata shilingi, ndicho ambacho nchi tajiri za Ulaya zimekuwa zikitumia fedha nyingi kukirudisha baada ya kukipoteza. Ufaransa imetumia zaidi ya robo karne ikitengeneza njia za mashambani ambazo magari hayaruhusiwi kupita, na leo watu wa mataifa mbalimbali hufunga safari kwenda kuzipanda kwa baiskeli.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hoja ya makala haya ni kwamba vijia vya Makunduchi na vijiji jirani ni mali, na kwamba hadi leo ni mali isiyokuwa na daftari. Visipoandikwa, vikapimwa na kupewa ulinzi wa sheria katika miaka hii, vitamezwa na barabara, kuta na viwanja, na siku tutakapovihitaji tutalazimika kuvinunua.

Wafaransa walifanya nini

Ufaransa ina sifa ya kale katika mambo ya baiskeli. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903. Hata hivyo, safari za baiskeli za mashambani zinazozungumzwa hapa si mashindano. Ni baba, mama na watoto, au wazee waliostaafu, wanaokwenda kwa mwendo wa taratibu kutoka kijiji hadi kijiji, wakila njiani na kulala njiani, bila ya hofu ya kugongwa na lori.

Mwaka 1997, katika eneo la Saône-et-Loire, ilifunguliwa njia ya kutoka Givry hadi Cluny yenye urefu wa kilomita zipatazo 44. Haikuchongwa upya. Ilipitishwa juu ya tuta la reli iliyokuwa imeachwa. Vyuma viling'olewa, tuta likalainishwa na magari yakazuiwa kuingia. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, reli hujengwa kwa miinuko midogo. Kwa hiyo njia iliyorithi tuta la reli huwa nyepesi hata kwa mtoto na mzee. Baadaye njia hiyo ilisogezwa kusini kuelekea Mâcon, ikapita ndani ya handaki la zamani la treni lenye urefu wa kilomita moja na nusu na zaidi. Handaki hilo hufungwa majira ya baridi kwa sababu popo hulala humo. Wapanda baiskeli huzunguka, na hakuna anayeona kuwa ni dhihaka.

Ilipofika mwaka 2004, serikali ya nchi hiyo iliingiza njia za namna hii katika kanuni za usalama barabarani. Zikatambuliwa rasmi kuwa ni barabara za waenda kwa miguu, wapanda baiskeli, wapanda farasi na vyombo vingine visivyo na injini. Hapa ndipo penye funzo kubwa kwetu. Kilichobadilika siku ile si mchanga wala kokoto, bali ni hadhi. Kijia kilichokuwa mabaki ya reli kiligeuka kuwa kitu chenye jina katika sheria, na mwenye gari akiingia humo anajua kuwa amevunja sheria, wala si kwamba ameingilia starehe ya watu fulani.

Baada ya hapo mambo yalikua. Kando ya mto Loire leo kuna njia ya baiskeli ya kilomita zipatazo 900 inayokwenda hadi bahari ya Atlantiki, ambayo kwa sehemu kubwa hupita mbali na magari au katika barabara zenye magari machache. Kando ya mifereji ya zamani, ambako farasi walikuwa wakikokota majahazi, sasa hupita magurudumu. Nyumba za wageni zilizo ndani ya kilomita 5 kutoka kwenye njia hizo zinaweza kupewa alama maalumu ya kuonesha kwamba zinapokea wapanda baiskeli, lakini kwa sharti: ziwe na mahali salama pa kuweka baiskeli, na vifaa vya kuzitengeneza.

Tusidanganyane kwamba Ufaransa yote iko hivyo. Sehemu nyingi za mashambani baiskeli na gari bado vinachangia barabara moja, na ndiyo maana sheria yao inamtaka dereva anayempita mpanda baiskeli nje ya mji aache nafasi ya angalau mita moja na nusu. Lakini walifahamu jambo moja mapema: tuta la reli likishakatwa vipande na kuuzwa, halirudi. Palipokuwa na ardhi iliyobaki mkononi mwa umma, njia iliwezekana. Palipokuwa na ardhi iliyogawiwa watu, njia ilikatika.

Tuta tulilolipoteza

Msomaji asidhani kwamba habari za reli iliyoachwa ni za Ulaya peke yake. Zanzibar ilikuwa na reli kabla ya nchi nyingi za Afrika. Sultani Barghash alijengewa njia ndogo ya reli kuelekea Chukwani mwaka 1879. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Arnold Cheney ya New York ilijenga reli ya kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili saba hivi, iliyoanza kazi mwaka 1905. Abiria waliipanda kwenda na kurudi shamba, na wageni walioteremka melini waliipanda kwa matembezi. Magari yalipozidi na barabara zikaboreka, reli ilikosa abiria, na ndani ya miaka ya 1920 safari zao zikakoma.

Tuta la reli ile halikuwekwa akiba. Lilimezwa na barabara na majengo. Leo anayetaka kutoka Malindi kwenda Bububu kwa baiskeli hupita katika moja ya barabara zenye msongamano mkubwa kisiwani, akibanwa na daladala upande mmoja na mtaro upande wa pili. Laiti tuta lile lingeachwa wazi, mji wetu ungekuwa na njia ya baiskeli ya ufukweni ambayo Cluny wenyewe wangeitamani.

Hatuwezi kuwalaumu waliokuwapo. Katika miaka ile hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba kuna siku nafasi ya kupita bila ya gari ingekuwa kitu adimu. Sisi hatuna udhuru huo. Tumekwishaona yaliyotokea Bububu, na tumekwishaona wenzetu waliohifadhi walivyovuna.

Makunduchi ina nini

Makunduchi iko kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini, katika ncha ya kusini mashariki ya kisiwa. Wengi wa wakaazi wa mjini huijua kwa mambo mawili. La kwanza ni Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya mwezi Julai, ambapo watu hupigana kwa makuti na migomba, kibanda huchomwa moto na kina mama huimba kondeni. La pili ni kwamba ndiko alikozaliwa Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye pia aliliwakilisha jimbo hilo bungeni kuanzia mwaka 2010 hadi 2015.

Lakini eneo zima la kusini lina zaidi ya hayo. Kuna nyumba za ghorofa zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambazo mgeni hushangaa kuzikuta katikati ya minazi. Kuna ufukwe wa Mtende uliofichwa na majabali. Kuna msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa Uislamu katika mwambao huu. Kuna hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Na kuna lahaja ya Kimakunduchi, au Kikae kama wenyewe wanavyoiita, ambayo mtu wa mjini akiisikia sokoni hulazimika kutega sikio.

Vitu vyote hivi viko katika mzunguko ambao mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuumaliza kwa siku mbili au tatu za baiskeli bila ya kuhema. Ardhi ya kusini ni tambarare. Kinachomchosha mpanda baiskeli si mlima bali ni jua na upepo: kaskazi ikivuma humsukuma akielekea kusini, na kusi ikivuma humkabili usoni. Mwenyeji hulijua hilo na hupanga safari yake mapema asubuhi.

Kasoro iliyopo ni kwamba njia yetu nzuri kuliko zote, ile ya ufukweni, haitegemeki. Maji hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua bahari huondoka mbali na kuacha uwanja mpana. Siku za maji mafu nafasi hubaki nyembamba. Mtalii anaweza kuusubiri mwezi, kwani yuko likizoni. Mwanafunzi hawezi, kwa sababu kengele ya skuli haifuati mwezi. Aidha, chumvi hula mnyororo na ringi za baiskeli, na kila fundi wa kusini analijua hilo kwa kazi anayoletewa.

Ndiyo maana vijia vya nchi kavu, vile vya maweni, vina thamani kubwa kuliko vinavyoonekana. Hivyo ndivyo vinavyoweza kuunganishwa vikawa njia moja ya kudumu, inayopitika asubuhi na jioni, bamvua na maji mafu.

Barabara mpya, hatari mpya

Kwa nini jambo hili ni la leo na si la mwakani? Kwa sababu kusini inabadilika kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Wageni walioingia visiwani walipita 630,000 mwaka 2023 na wakapita 730,000 mwaka 2024. Watu hao wote wanahitaji nyumba, hoteli na magari ya kuwabeba. Barabara ya Tunguu hadi Makunduchi ni miongoni mwa zilizoingizwa katika mpango mkubwa wa Serikali wa kujenga upya barabara za Unguja na Pemba katika muongo huu.

Barabara nzuri ni haki ya watu wa kusini, na hakuna mwenye akili atakayeipinga. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali anaihitaji. Gari za shamba, zilizotambulika kwa miaka mingi kwa namba 310, zinaihitaji. Lakini ni lazima tuseme ukweli kwamba lami laini ni mwaliko kwa mguu wa dereva. Barabara yenye mashimo ilikuwa ikimlinda mpanda baiskeli bila ya kukusudia. Barabara iliyonyooka haimlindi isipokuwa imekusudiwa kumlinda.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio wanaojaa katika barabara zetu za shamba. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika mara kwa mara na watu wasiokuwa na kinga. Ni magari mangapi yanayopita mbele ya skuli zetu za kusini kwa mwendo huo?

Na sisi wenyewe tunajua kwamba mwendo unaweza kupunguzwa tukitaka. Pale Jozani, magari yalipokuwa yakiwaua kima punju, barabara iliwekewa matuta, na vifo vya wanyama hao vikapungua. Lilikuwa jambo la busara, maana mnyama yule hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Ikiwa tuliweza kumtazama kima na kumwekea tuta, hatushindwi kumtazama mtoto wa Muyuni au Kibuteni anayekwenda skuli kwa baiskeli ya baba yake, na kumpa upande wake wa kupita.

Hatari ya pili ni ya kimya zaidi. Ni ukuta. Ardhi ya pwani inapokodishwa kwa mradi, jambo la kwanza kujengwa huwa ni uzio. Kijia kilichokuwa kikipita hapo kwenda bahari hakimo katika ramani, kwa hiyo mwekezaji hana kosa la kukifunga: yeye ameoneshwa kiwanja kitupu. Mwanakijiji naye hana karatasi ya kuonesha, ila kumbukumbu ya bibi yake. Migogoro ya namna hii imekwishasikika katika pwani ya mashariki na kaskazini, na kwa kawaida humalizika kwa wanakijiji kuzunguka mbali zaidi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kwa miaka kadhaa kaulimbiu ya sekta hii Zanzibar ilikuwa ni Utalii kwa Wote. Tuipime kwa mfano mdogo. Mgeni anayeletwa Kizimkazi kwa basi dogo kutoka hoteli ya kaskazini hufika asubuhi, hupanda boti akatazame pomboo, na mchana huwa amekwisharejea hotelini, ambako chakula chake alikilipia kabla ya kutoka kwao. Amepita katika vijiji vyote vya kusini, naye hakuviona isipokuwa kupitia kioo.

Mgeni wa baiskeli hawezi kufanya hivyo. Mwili wenyewe unamlazimisha kusimama. Atataka dafu, maji, chapati na pweza. Pancha itampeleka kwa fundi. Jua likimzidi atatafuta baraza ya kukaa, na giza likimkuta atatafuta chumba kijijini. Kwa kila kilomita kumi za mwendo wake kuna mtu anayepata kitu, na wengi wao ni watu wasiokuwa na mtaji wa kununua boti wala gari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa utalii wa mabasi mwenyeji hupona kwa nadra.

Aidha, wateja wapo tayari. Ufaransa, Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya zilizozoea safari za baiskeli ni miongoni mwa zinazoleta wageni wengi Zanzibar. Tayari baiskeli hukodishwa katika vijiji vya pwani, na waongozaji huwapitisha wageni mashambani. Kinachokosekana ni njia inayoaminika, ambayo mtu anaweza kuambiwa: ukitoka hapa hadi pale, hutakutana na gari.

Hata hivyo, itakuwa kosa kubwa kuijenga njia hii kwa ajili ya mgeni. Mgeni hukauka: tuliona mwaka 2020 jinsi maradhi ya korona yalivyofunga viwanja vya ndege. Njia iliyojengwa kwa ajili ya mkulima wa mwani, mwanafunzi na mvuvi itakuwa na watu kila siku, na mgeni ataikuta na kuifurahia. Njia iliyojengwa kwa ajili ya mgeni peke yake itaota majani msimu wa masika.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba baiskeli ni alama ya umasikini, na kwamba kijana wa leo anataka bodaboda. Ni kweli kwamba pikipiki zimeingia kila kijiji. Lakini pikipiki inahitaji mafuta kila siku, na baiskeli inahitaji mafuta ya mnyororo tu. Umoja wa Mataifa ulipoitangaza tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, mwaka 2018, haukuwa ukiwasifu masikini; ulikuwa ukizikumbusha nchi zote, tajiri na masikini, juu ya chombo cha bei nafuu, cha kudumu na kisichochafua hewa.

Wapo watakaosema kwamba bodaboda hizo hizo zitavamia njia. Hofu hii ina msingi. Dar es Salaam ilipoanza mradi wa mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, ilitenga pia njia za pembeni za waenda kwa miguu na baiskeli, na kila anayepita huko ameona pikipiki zikikatiza humo foleni inapokaza. Dawa yake ni nguzo imara kwenye kila mdomo wa njia, zilizopangwa kwa namna ya kuzuia injini na kuruhusu baiskeli na kiti cha magurudumu. Gari la ng'ombe nalo lisisahauliwe. Mfaransa ameruhusu farasi, nasi turuhusu punda na ng'ombe wetu. Dawa kubwa zaidi ni wanakijiji kuiona njia kuwa ni yao, maana hakuna askari wa kusimama katika kila kichochoro.

Kuna hoja ya tatu, nayo inahitaji kuheshimiwa. Wazee wa vijiji wanaweza kuuliza: je, wageni wenye mavazi ya ufukweni watapita mbele ya misikiti na skuli zetu? Swali hili lisijibiwe kwa kejeli. Njia ipangwe na shehia zenyewe, masharti ya mavazi yaandikwe kwa lugha za wageni pale inapoanzia, na mwenye kukodisha baiskeli awajibike kuyaeleza. Upande wa pili wa hoja hii usisahauliwe pia. Wapo wasichana wanaokwenda skuli kwa baiskeli, na njia tulivu iliyo mbali na magari na mizaha ya barabarani huwapa sitara kubwa kuliko ukingo wa barabara kuu.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Masheha wa Makunduchi, Jambiani, Mtende, Kizimkazi na Muyuni, wakishirikiana na wazee na kina mama wanaotumia vijia kila siku, waviorodheshe kimoja baada ya kimoja: kinaanzia wapi, kinaishia wapi, kinapitwa na nani na kwa kazi gani. Simu za siku hizi zina uwezo wa kuchora ramani ya njia kadiri mtu anavyotembea. Kazi hiyo vijana wa skuli wanaweza kuifanya katika likizo moja.

Hatua ya pili ni ya Serikali. Zanzibar ardhi ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi, na hili ni jambo ambalo nchi nyingi zingelilipia. Mamlaka zinazoshughulikia ardhi na mipango miji zina uwezo wa kuviingiza vijia hivyo katika ramani na kuvitambua kuwa ni njia za umma zisizokodishwa. Mwekezaji atakapokuja, ataoneshwa kiwanja na njia yake pamoja, naye atachora uzio wake akijua hivyo. Hilo litamlinda yeye pia dhidi ya ugomvi na majirani.

Hatua ya tatu ni ya wajenzi wa barabara. Kila barabara ya kusini inayojengwa upya iwe na ukanda wa pembeni uliotenganishwa na magari, hasa mbele ya skuli, vituo vya afya na masoko. Kuutenga ukanda huo wakati tingatinga liko kazini ni gharama ndogo. Kurudi kuutafuta baada ya miaka kumi, nyumba zikiwa zimesogea hadi mtaroni, ni bomoabomoa na fidia.

Hatua ya nne ni ya sekta ya utalii. Wageni tayari hulipa kodi na ada mbalimbali wakiwa visiwani. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikirudi katika shehia ambazo njia inapita, kama ambavyo vijiji vinavyoizunguka Jozani vimekuwa vikipata mgao kutokana na viingilio vya hifadhi, wanakijiji watakuwa na sababu ya kufyeka majani, kuziba mashimo na kumzuia mwenye bodaboda. Na siku ya Mwaka Kogwa, magari yanapojazana Makunduchi, inaweza kuwa siku nzuri ya majaribio: sehemu moja ya njia ifunguliwe kwa baiskeli peke yake, wageni na wenyeji waipite pamoja, kisha watu waamue kwa macho yao.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayosubiri mfadhili kutoka nje. Zinasubiri uamuzi. Wafaransa walihitaji kufa kwa reli zao ndipo wapate nafasi ya kupita bila ya magari. Sisi tunayo nafasi hiyo ingali hai, na inapitwa kila asubuhi.

Maji yakijaa, njia ya ufukweni hufungwa kwa saa chache, kisha hufunguka tena kama ilivyokuwa. Ukuta ukishasimama hauna kupwa. Ndiyo maana orodha ya vijia vya Makunduchi inapasa kuanza sasa, wakati wazee wanaovijua kwa majina bado wapo wa kuulizwa.